Mwambieni yule msomaji wazazi sio shehena

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoliandaa gazeti hili. Mi huwa nalisoma kwenye simu nikiwa nimepaki nasubiri kupakiwa mzigo, na kawaida nasoma naenda zangu, ila barua ya yule msomaji wa wiki mbili zilizopita imenishika. Anasema wazazi wake wanakuja Marekani kiangazi hiki, anauliza awatembeze wapi, halafu kabla hajajibiwa kajijibu mwenyewe kwamba huku katikati ya nchi hamna kitu, ni mahindi na soya mpaka macho yachoke, kwa hiyo atakodi gari kubwa awatoe Chicago awapeleke mpaka Denver wakaone milima na kuwarudisha, siku sita. Ndugu yangu! Chicago mpaka Denver ni maili elfu moja hivi kwenda, elfu moja nyingine kurudi, na hapo hujazunguka popote. Wazee wataona nini hapo? Wataona mgongo wa kiti cha mbele.

Simcheki, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena mimi ninayejua barabara. Mwaka wa kumi na moja huu naendesha lori, naishi Minnesota, barabara kuu za I-80 na I-90 nazijua kama njia ya kwenda msikitini. Na miaka yote hiyo mtu akiniuliza Iowa kukoje, Wisconsin kukoje, nilikuwa najibu tambarare tu bwana, usije ukasinzia. Kumbe nilichokuwa nakijua ni sheli na mizani basi.

Mama yangu alipokuja mara ya kwanza, ana miaka 71, nikapiga hesabu kidereva. Sisi sheria inatupa masaa 11 ya kuendesha baada ya kupumzika 10, na ukishaendesha masaa 8 lazima usimame nusu saa. Nikasema kwa familia nitapunguza, nitaendesha masaa 8 tu kwa siku, tutapiga majimbo matano siku nne: Minnesota, South Dakota, Nebraska, Iowa, tunarudi kwa kupitia Wisconsin. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Sasa South Dakota peke yake, kutoka Sioux Falls mpaka Rapid City, ni karibu maili 350 na njia yenyewe imenyooka kama rula. Siku ya pili kitindamimba katapika mara mbili, yule mkubwa kavaa hedifoni hasemi na mtu, mama watoto ananijibu neno moja moja, na mama miguu imevimba viatu haviingii. Nikamuuliza vipi mama, akasema polepole tu, bila hasira, "Mwanangu mi nimekuja kukuona wewe, sikuja kusafirishwa kama shehena." Tukalala moteli, asubuhi nikageuza gari. Hata yale mawe ya marais, zile nyuso zilizochongwa mlimani Rushmore, hatukuyaona.

Mara ya pili alipokuja nikafanya kinyume chake. Nikachukua kipande kidogo tu cha ramani, pale Minnesota, Wisconsin, Iowa na kona ya Illinois zinapokutana kwenye mto Mississippi. Wenyewe wanakuita Driftless. Hilo jina nilikuwa naliona kwenye vibao vya maduka miaka yote nikidhani ni aina ya bia. Maana yake ni kwamba zama za barafu, barafu nene ilishuka kutoka Canada mara kadhaa, ikasaga vilima, ikajaza mabonde, na ilipoyeyuka ikaacha kifusi cha udongo na mawe, hicho kifusi ndo wataalamu wa miamba wanakiita drift, kwa hiyo Driftless ni pasipo drift. Sasa barafu ya mwisho hapa ilipita pembeni, kulia na kushoto, hapa katikati ikaparuka. Kwa hiyo kwingine kote kumelazwa, huku vilima vimebaki na urefu wake, mabonde yana kina, na magenge ya mawe ya chokaa yanasimama juu ya mto futi mia tano mpaka mia sita. Ndo maana pia Minnesota kwingine kuna maziwa kila ukigeuka, yale yaliachwa na barafu, ila ukishuka huku maziwa yanakatika unaanza kukutana na chemchemi na vijito vya maji baridi.

Na utajua umefika hata bila kibao. Sehemu kubwa ya Midwest ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili moja moja, kwa sheria ya 1785, ndo maana ukiwa juu kwenye ndege unaona kama daftari la hesabu. Ukiingia Driftless barabara zinashindwa kunyooka, zinafuata mto na mgongo wa kilima, na Wisconsin wamezipa barabara za kaunti herufi badala ya namba, unaambiwa chukua P, pinda kwenye K, halafu utaikuta KK. Mama watoto ndo alikuwa anasoma ramani, alicheka mpaka akalia.

Kutoka Minneapolis mpaka Dubuque, Iowa, kwa kufuata mto, haifiki maili 300. Kwa lori ni nusu siku. Sisi tulitumia siku sita, na ndo namba ninayotaka yule msomaji aishike, siku zile zile sita alizopanga kwenda Denver. Kanuni niliyoweka ni kwamba hakuna kukaa kwenye gari zaidi ya masaa mawili kwa siku nzima ukitoa siku ya kurudi, na kila baada ya dakika 45 hivi tunasimama, awe kuna cha kuona awe hakuna. Barabara yenyewe inaitwa Great River Road, ilianzishwa 1938, inapita majimbo 10 kutoka Minnesota mpaka kule Ghuba ya Mexico, na vibao vyake vina usukani wa meli, rangi ya kijani na nyeupe. Fuata usukani huo hupotei.

Siku ya kwanza Red Wing, halafu ziwa Pepin, ambalo kwa kweli ni mto wenyewe umetanuka kwa sababu mto Chippewa unamwaga mchanga mbele yake ukauziba kidogo. Hapo mji wa Lake City kijana mmoja anaitwa Ralph Samuelson alianza mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa mbao, mwaka 1922, wanangu hiyo iliwakaa kichwani kuliko kitu chochote nilichowaambia safari nzima. Wabasha kuna kituo cha tai, National Eagle Center, unakaa hatua chache tu kutoka kwa tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya Marekani. Mama alimtazama tai, tai akamtazama mama, hakuna aliyekuwa tayari kuondoka kwanza.

Lakini mahali palipotushika kweli hata sikuwa nimepaandika kwenye mpango. I-90 inavuka Mississippi pale Dresbach, karibu na La Crosse, mi nimepita juu ya daraja hilo mara sijui ngapi, na kila mara naona chini kuna zege na mageti ya chuma nasema ni bwawa la umeme. Sio la umeme. Ni lango la meli, Lock and Dam namba 7, moja kati ya malango 29 yaliyoko Mississippi ya juu kuanzia Minneapolis mpaka St. Louis. Mto ni kama ngazi, kila bwawa ni kipandio kimoja, na meli inaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa, maji yanapunguzwa au yanaongezwa mpaka yalingane na upande wa pili, milango ya mbele inafunguliwa inatoka. Hakuna pampu, maji yanashuka yenyewe tu kwa uzito wake. Kuna jukwaa la kutazamia, bure, hakuna tiketi.

Tulifika tukakuta boti inasukuma matishari 15, yale mabapa ya mizigo yasiyo na injini, yamefungwa matatu kwa upana, matano kwa urefu. Sasa tishari moja linabeba tani 1,500 hivi. Lori langu, ukitoa uzito wa gari lenyewe, mzigo ni tani 20 na kitu. Pigeni hesabu wenyewe, ule msafara mmoja ni malori kama elfu moja, na watu walioko ndani ya boti unawahesabu kwa vidole. Nilisimama pale nikajiona mdogo kikazi, sijui niseme vipi. Na chumba kina urefu wa futi 600 wakati msafara mzima unafika kama 1,200, kwa hiyo wanaukata katikati, wanaingiza nusu ya kwanza, wanaivusha, halafu boti inaingia na nusu ya pili, wanazifunga tena kwa nyaya upande wa chini. Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Nilidhani watoto watachoka, wakati huo yule mkubwa kashavua hedifoni anamweleza bibi yake milango inavyofanya kazi, na mama katoa chupa ya chai kagawa. Mpango ulikuwa dakika 20. Tulikaa mpaka boti ikapotea kwenye kona.

La Crosse tulilala mara mbili. Kuna jabali linaitwa Grandad Bluff, gari linafika karibu kabisa na juu kwa hiyo mzee hahitaji kupanda, unaona majimbo matatu kwa mkupuo mmoja. Siku ya pili tukaenda Sparta, hapo kuna njia ya baiskeli ya maili 32 mpaka Elroy iliyokuwa reli zamani, reli ikang'olewa miaka ya 1960 wakabakiza njia na mahandaki matatu. Handaki la kati ya Sparta na Norwalk lina urefu wa futi 3,810, yaani zaidi ya kilomita moja ya giza. Nje ni jua la Julai linachoma, ndani unavaa sweta, maji yanadondoka kutoka juu, na ukiwa katikati unaona nukta ya mwanga mbele na nukta nyingine nyuma. Baiskeli unashuka unaisukuma. Chukueni tochi, sio ya simu, tochi ya kweli, na kuanzia miaka 16 kila mwenye baiskeli anatakiwa alipie pasi ya njia. Mama alibaki mlangoni kwenye benchi na mke wangu, akasema yeye giza la bure hajalikosa.

Kutoka hapo kurudi mtoni kuna watu wa Amish, kule Cashton na pembeni yake, wale wanaotumia farasi badala ya magari. Punguza mwendo kabla ya kumaliza kilima, maana upande wa pili unaweza kukuta kigari cha farasi kimevaa pembetatu ya rangi ya chungwa kinakwenda taratibu kabisa. Picha za nyuso zao usipige, hawapendi, na Jumapili hawauzi kitu. Mama alinunua kikapu akakikagua msuko wake kama polisi anakagua leseni, ndo akaridhika.

Ukishuka na mto upande wa Wisconsin utapita kijiji kinaitwa Victory, yaani Ushindi. Nilipapita nikisoma jina tu. Safari hii tulisimama kusoma vibao vya barabarani. Ushindi wenyewe ni wa Agosti 1832, jeshi la Marekani na wanamgambo waliwafuata watu wa Black Hawk, kiongozi wa wenyeji wa asili, Wasauk na Wameskwaki, waliokuwa wanajaribu kuvuka mto kurudi magharibi, wakawaua kwenye maji na kwenye visiwa, wanawake na watoto wakiwemo. Bibi na wajukuu walisimama pale, mtoto wangu wa kati akauliza sasa ushindi wa nani, na mimi sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia tutaongea jioni. Tuliongea kweli. Sidhani safari ya familia lazima iwe aiskrimu tu.

Halafu tukavuka daraja la Prairie du Chien kuingia Iowa, na kidogo tu kaskazini mwa Marquette kuna Effigy Mounds, hifadhi ya taifa tangu 1949, kuingia ni bure. Ni matuta ya udongo zaidi ya 200 yaliyojengwa na wenyeji wa zamani, mengine ya mviringo na mengine kwa umbo la dubu na ndege. Kubwa la dubu lina futi 137 kutoka kichwani mpaka mkiani lakini kimo chake ni kama mita moja tu, kwa hiyo ukisimama kando yake unaona nyasi, inabidi ulizunguke taratibu ndo dubu aanze kutokea. Msikanyage juu, kwa wenyewe ni mahali patakatifu na mengine ni makaburi. Njia ya kupanda ina kona nyingi na ni mlima kweli, mama tulipanda naye kwa vituo, kila benchi tunakaa, tulitumia asubuhi nzima kwa maili mbili kwenda na kurudi. Kuna familia moja ilitupita ikienda na ikatupita tena ikirudi. Mi zamani ningeona aibu.

Dubuque ndo ulikuwa mwisho. Kuna kireli kidogo cha kupanda genge, futi 296 tu za njia, kinakupandisha futi 189, na hadithi yake mama anaisimulia mpaka leo. Mwaka 1882 kulikuwa na mwenye benki, J. K. Graves, kazi yake iko chini na nyumba yake iko juu ya genge pale pale, unaiona, lakini kwa farasi ilibidi azunguke nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na muda wa mchana anao saa moja na nusu, na yeye alitaka ale halafu alale nusu saa. Haikutosha. Akajenga reli. Mama akasema huyo ndo mtu mwenye akili niliyemsikia tangu nifike Marekani.

Sasa kuna vitu tulivikata, na kuvikata ndo kazi ngumu. Mama watoto alitaka Baraboo, kule wana ndege wale korongo, aina zote 15 za duniani, hata yule mwenye taji wa kwenye bendera ya Uganda. Mi nilitaka Galena, ni maili 15 tu kutoka Dubuque, ningesema si tupitie mara moja. Hiyo "mara moja" ndo inayoua safari. Tukakata vyote viwili, na nilinung'unika, lakini jioni ile watoto walicheza mtoni mpaka giza likaingia. Na giza huku linachelewa, mwambieni huyo ndugu awaandae wazee: mwisho wa Juni jua linazama karibu saa tatu kasoro dakika kumi usiku, Isha inasogea mpaka saa nne na nusu na zaidi, na alfajiri inakuja kabla hujalala vizuri. Mama siku mbili za kwanza alikuwa anatazama saa anatazama dirisha, anadhani saa imeharibika. Kwa hiyo tulipanga usingizi wa mchana kama mwenye benki yule.

Chakula, hapo muwe macho. Wisconsin Ijumaa jioni kila mahali ni samaki wa kukaanga, na mtu akisikia samaki anasema hapa niko salama, subiri kwanza, sehemu nyingi huo unga wa kuchovya wanaukoroga na bia. Uliza kabla ya kuagiza, wanajibu vizuri tu, na mara nyingi jikoni watakuchomea bila unga. Jibini mbichi ile ya vipande, ya siku hiyo hiyo, inalia kwenye meno kama kiatu kipya, watoto waliinunua kila sheli. Mahindi matamu yanaanza kuuzwa barabarani katikati ya Julai, mara nyingi hakuna muuzaji, kuna meza, mahindi na kisanduku cha hela, unaweka dola zako unaondoka. Mama aliyachoma kambini akasema haya yamewekewa sukari. Akauliza pia yale mashamba yote tunayopita nani anayamaliza, nikamwambia yale mengi sio ya kuliwa na watu, ni chakula cha nguruwe na ng'ombe, na mengine yanageuzwa mafuta tumeweka kwenye tangi hili. Alinyamaza muda mrefu.

Malazi: kambi za bustani za jimbo Wisconsin zinabukiwa miezi 11 kabla, kwa hiyo ukikumbuka Mei kwamba unataka wikiendi ya Julai umechelewa, chukua siku za katikati ya wiki. Gari la kutoka nje ya jimbo linalipa kiingilio kikubwa zaidi kidogo kule, wakati bustani nyingi za Iowa kuingia hulipi. Na kuni jamani zina sheria! Wisconsin kuni za kwenda nazo bustani za jimbo lazima ziwe zimetoka ndani ya maili 10 au ziwe na cheti, sababu ni wadudu wanaokula miti wanahama kwa kupanda magari yetu. Nunua pale pale.

Kupe ni wengi kwenye nyasi ndefu na wana ugonjwa, soksi juu ya suruali, jioni kaguaneni. Mbu wapo ila malaria hamna, mama hakuamini alikuja na dawa zake. Netiweki ndani ya mabonde inakatika kabisa, pakua ramani kabla. Jioni paa wanarukia barabara, mi niliwahi kumgonga mmoja na lori sitaki kuwaza ingekuwa gari dogo. Na mzee mwenye viza ya matembezi mkatie bima ya afya ya safari kabla hajapanda ndege, hiyo sio ya kubahatisha.

Halafu hali ya hewa. Simu ikileta tahadhari ya tonado yenye neno "watch" maana yake mazingira yanaruhusu, kaa macho, ikisema "warning" maana yake ipo, shuka chini ya nyumba sasa hivi. Ila Minnesota Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana wanajaribu ving'ora, na mi dereva mzoefu nikasahau kumwambia mama. Tuko Winona tunakula, king'ora kikalia, mama kashika watoto wawili mikono yuko chini ya meza, watu wa pembeni wanaendelea na sendiwichi zao. Tulimtoa kwa kumbembeleza.

Kama wazazi wa huyo ndugu wanakuja Agosti na lazima waone kitu kikubwa cha kupigia picha, basi awape siku moja ya maonyesho ya jimbo la Iowa kule Des Moines, tangu 1911 wanachonga ng'ombe mzima kwa siagi, kama ratili 600, kakaa kwenye friji ya kioo watu wanapanga foleni. Siku moja inatosha, joto lake sio la mchezo.

Nyumbani kwetu mwaka huu mpango ni mfupi zaidi, siku nne, Prairie du Chien na kurudi, tunataka kujaribu kivuko cha magari cha Cassville kama maji ya mto yatakuwa sawa, maana yakijaa hakifanyi kazi, inabidi upige simu kwanza. Swali langu kwa wasomaji wengine mlioko huku: upande wa Iowa, kati ya Lansing na Guttenberg, kuna anayejua mahali pa kula halali? Safari iliyopita tulikula mayai na mahindi siku mbili mfululizo na mama ameshaniambia kwenye simu safari hii atakuja na sufuria yake.

Dereva wa lori,
Minnesota